Kiwanda cha shaba na uhuru wa Kongo: kipi kilitengeneza kingine?

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi)

Wasomaji wenzangu, salamu. Ninafundisha historia katika mwaka wa sita wa sekondari, na mpango wa masomo tunaoufuata umeyatenga mambo mawili ambayo, kwa mji huu wetu, naona hayatenganiki. Sura moja inaeleza mapinduzi ya viwanda: mashine ya mvuke, makaa ya mawe, Manchester na watoto waliofanya kazi katika viwanda vya pamba. Sura nyingine, kurasa nyingi mbele, inaeleza harakati za uhuru: mkutano wa Accra wa mwaka 1958, ghasia za Léopoldville (Kinshasa ya leo) za Januari 1959, mazungumzo ya Meza ya Duara ya Brussels, na tarehe 30 Juni 1960. Katikati hakuna neno linaloziunganisha sura hizo. Wanafunzi wangu, ambao babu zao wengi waliletwa hapa ili kuchimba au kuyeyusha shaba, wanatoka darasani wakiamini kwamba viwanda ni habari ya Wazungu na uhuru ni habari ya wanasiasa wa Kinshasa.

Nauliza basi: je, watu waliodai uhuru katika Kongo, na hasa katika Katanga, walitengenezwa na kiwanda? Na kama ndivyo, uhuru ulibadilisha nini katika jamii ambayo kiwanda kilikuwa kimekwisha kuipanga, kuanzia nyumba hadi ndoa? Naomba majibu yenye tarehe na mifano. Hotuba tunazo za kutosha kila ifikapo mwezi wa Juni.

Mzee wa Kamalondo (Lubumbashi)

Mwalimu, ukianza somo lako na Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya madini, utawaachia watoto dhana kwamba shaba ililetwa na Wabelgiji. Wasanga na Wayeke waliyeyusha malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, katika tanuri za udongo miaka mingi kabla ya hapo, na misalaba ya shaba waliyoifua ilitembea mbali sana ikitumika kama fedha na kama mahari. Ufalme wa M'siri pale Bunkeya ulisimama juu ya shaba hiyo na juu ya pembe za ndovu, hadi alipouawa na msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, tarehe 20 Desemba 1891. Kwa hiyo ufundi wa shaba haukuwa mgeni. Kilichokuwa kigeni ni namna ya kuwapata watu na ya kuwashika.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, reli kutoka Rhodesia ikafika Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1910, na shaba ya kwanza ya kiwanda ikatoka mwaka 1911. Madini yalikuwapo tele, lakini watu hawakuwapo, kwa maana kusini mwa Katanga wakazi walikuwa wachache, na mtu mwenye shamba lake na mto wa kuvulia samaki hakuona sababu ya kwenda kumeza moshi wa tanuri. Hapa ndipo unapoweza kuiunganisha sura yako ya kwanza na ya pili. Uingereza, wakulima wengi walisukumwa kwenda mjini na mabwana waliozungushia uzio ardhi iliyokuwa ikitumiwa na wote. Kwetu watu walisukumwa na kodi ya kichwa, iliyodaiwa kwa fedha kutoka kwa mtu asiye na fedha, kisha wakapokelewa na waandikishaji wa Bourse du Travail du Katanga, ofisi iliyoundwa mwaka 1910 kwa kazi hiyo hasa. Mwandikishaji alikwenda kwa chifu, na chifu akawatoa vijana, mara nyingi wale ambao kijiji hakikuwa na uwezo wa kuwatetea. Walitoka Lomami, Kasai na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), na kuanzia mwaka 1925 wakaletwa pia kutoka Ruanda-Urundi.

Kambi za mwanzo ziliua watu wengi kwa magonjwa, na waliopona walitoroka au walirudi kwao mikataba yao mifupi ilipokwisha, kwa hiyo kampuni ilikuwa inalipia uandikishaji upya kila mara. Mnamo mwaka 1927 na 1928 ikabadili hesabu. Ikatoa mikataba ya miaka mitatu, ikawataka wanaume waje na wake zao, ikajenga nyumba za matofali, zahanati na hospitali za uzazi, na ikawakabidhi wamisionari shule. Wako wanaosema huo ulikuwa wema. Mimi nasema ilikuwa hesabu nzuri, na hesabu nzuri wakati mwingine huzaa watoto wenye afya. Mtoto aliyezaliwa kambini hakuhitaji kuandikishwa kutoka Kasai. Alikuwa amekwisha kufika.

Baba za watoto hao ndio waliogoma mwaka 1941. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepandisha bei za vitu, kampuni ilikuwa inadai shaba zaidi kwa ajili ya majeshi ya Washirika, na Wazungu wa kampuni hiyo hiyo walikuwa wamekwisha kugoma wao wenyewe miezi michache kabla. Mnamo Desemba mgomo ulienea Elisabethville na Jadotville (Likasi ya leo). Tarehe 9 wagomaji walikusanyika katika uwanja wa mpira, askari wakafyatua risasi, na makumi ya watu wakafa, akiwamo msemaji wao, Léonard Mpoyo. Angalia walichodai: nyongeza ya mshahara. Hawakudai bendera. Lakini mtu aliyekubali kuwa «mtoto» wa kampuni, akapigwa risasi siku alipoomba zaidi, hawezi kurudi kuwa mtoto.

Sasa vuka mpaka. Kule Rhodesia ya Kaskazini shaba ni ile ile, reli ni ile ile, na mara nyingi hata makabila ni yale yale. Mwaka 1935 wachimbaji waligoma kwa sababu ya kodi, na sita wakauawa Luanshya. Mwaka 1940 wakagoma tena. Mwaka 1949 wakapata chama kimoja cha wafanyakazi wa migodini, na mwaka 1952 chama hicho kikaweza kusimamisha kazi katika ukanda wote wa shaba kwa wiki tatu. Kwetu vyama vya wafanyakazi viliruhusiwa mwaka 1946, lakini kwa masharti yaliyobana kiasi kwamba mfanyakazi wa kawaida hakuona faida yake. Serikali na kampuni vilipendelea mabaraza ya ndani ya kampuni na vyama vya watu wa asili moja, vya kuzikana na kuchangiana. Jibu langu kwako ni hili: kiwanda kilitengeneza watu wa kudai uhuru, lakini kiliwanyima chombo cha kuudai kwa pamoja kama wafanyakazi. Siasa ilipofunguliwa, walikuta mkononi mwao vyama vya kikabila tu.

Mkulima wa Walungu (Bukavu)

Mzee wetu ameeleza vizuri, ila nina pingamizi kuhusu mahali anaposimama anapoangalia. Kutoka Kamalondo, Kongo yote inaonekana kuwa kambi moja kubwa yenye bomba la moshi. Ukiwa Bukavu unaona nchi nyingine. Sisi hatukuwa na kampuni moja iliyotupa nyumba, unga na hospitali. Tulikuwa na mashamba makubwa ya walowezi, ya chai, kahawa na mikwinini (miti itoayo kwinini, dawa ya malaria), na jamii yetu ilibadilishwa kupitia ardhi.

Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, ambayo ilipewa madaraka ya kugawa ardhi kwa wawekezaji. Ardhi iliyogawiwa iliitwa tupu. Kwa Mshi, yaani mwenyeji wa huku kwetu, ardhi tupu haikuwapo: lililokuwapo ni malisho, shamba lililopumzishwa, au bonde ambalo mtu mmoja alikuwa akilisubiri. Katika desturi yetu mtu alipata shamba kwa kalinzi, yaani alimpelekea mwami (mfalme) au mkuu wa mahali ng'ombe, au mbuzi kwa kipande kidogo, na kwa mnyama huyo akafungamana naye yeye, watoto wake na wajukuu wake. Yule ng'ombe hakuwa bei. Anayenunua hamdai muuzaji kitu kesho yake, lakini mwenye kalinzi alikuwa na haki ya kutetewa na mkuu wake, na mkuu alikuwa na haki ya kumwita. Mlowezi aliingia kwa hati yenye mhuri na hakuwa na deni kwa yeyote. Wakuu nao, tangu amri ya mwaka 1910 iliyopanga utawala wa machifu, walikuwa wamegeuka watumishi wa serikali wanaokusanya kodi na kutoa vibarua, na hivyo mkulima aliyepoteza shamba alijikuta akimlalamikia mtu aliyeshiriki kulitoa.

Naongeza jambo ambalo husahaulika. Kibarua wa shamba la chai alilala kwake. Mkewe alilima maharage na mihogo, na kwa sababu hiyo bwana shamba aliweza kumlipa mshahara usiomtosha mtu mmoja, achilia mbali familia. Kampuni ya Katanga iliwalisha watu wake ili iwamiliki, lakini mlowezi wa Kivu alimwachia mke wa kibarua kazi ya kuwalisha. Japani ilipoiteka Java mwaka 1942 na kwinini ikawa adimu duniani, mikwinini ya Kivu ilipata thamani ghafla, lakini sijaona dalili kwamba thamani hiyo ilifika kwenye chungu cha mtu yeyote wa Walungu au Kabare.

Chama cha CEREA kilipoanzishwa Bukavu mwaka 1958, kilipata wafuasi vijijini kwa sababu kilizungumza juu ya mashamba ya walowezi. Viwanda havikuwa na nafasi kubwa katika hoja hiyo. Na uhuru ulifanya nini? Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya dola, na mnamo Novemba mwaka huo huo zairianisation ikayatoa mashamba ya wageni na kuwapa raia waliokuwa karibu na watawala. Mashamba yalibadili mwenyewe bila kurudi kwa waliotolewa. Mwalimu akiwafundisha watoto kwamba kiwanda ndicho mzazi wa uhuru, atakuwa amefundisha historia ya Lubumbashi akidhani ni ya nchi nzima.

Msomaji wa Goma

Sitachukua nafasi kubwa. Nakubaliana na ndugu wa Walungu kuhusu ardhi, lakini mgodi ulitufikia pia, kwa njia ambayo hakuna kampuni iliyoipanga. Mafundisho ya Kitawala, yaliyotokana na Watch Tower (Mashahidi wa Yehova), yaliingia Katanga yakibebwa na wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland (Malawi ya leo). Yalihubiriwa makambini, katika mabehewa na katika vyumba vya vibarua wasio na wake. Serikali iliwakamata wahubiri na kuwapeleka uhamishoni katika mikoa mingine, na kwa kufanya hivyo ikayasambaza yenyewe kwa gharama yake.

Mwaka 1944 maasi ya Kitawala yalilipuka huku kwetu, kati ya Masisi na Lubutu, chini ya kiongozi wao Bushiri, katika eneo ambalo watu walikuwa wakilazimishwa kutafuta mpira wa porini kwa ajili ya vita huku wengine wakitumikishwa katika machimbo. Yalizimwa kwa ukali mkubwa. Wengi huyaandika chini ya kichwa cha «dini». Mimi ningeyaweka katika ukurasa mmoja na mgomo wa Elisabethville: ni vita ile ile, ni kazi ya shuruti ile ile, na miaka haijapita mitatu kati ya moja na lingine.

Mama Ruashi (Lubumbashi)

Nimewasoma Papa Mzee na wengine kwa heshima, na ninaona kwamba katika maelezo yote mke ametajwa kama mzigo uliofika pamoja na sanduku la mumewe, isipokuwa kwa ndugu wa Walungu, aliyemwona shambani. Naomba niingie nyumbani kidogo, kwa sababu Mwalimu aliuliza juu ya ndoa.

Katika viwanda vya pamba vya Manchester wanawake na watoto waliajiriwa kwa wingi, kwa sababu walilipwa kidogo kuliko wanaume. Hapa kwetu mwanamke hakuandikwa katika orodha ya mishahara. Aliandikwa katika kitabu cha mumewe. Nimekiona kitabu cha aina hiyo katika nyumba yetu: jina la mfanyakazi juu, na chini yake mke mmoja, mmoja tu, kisha watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, na pembeni kiasi cha posho kinachomstahili kila mmoja. Siku ya posho mama alikwenda na kitabu hicho, mfuko wa unga na chupa ya mafuta, akasimama kwenye mstari, na karani akaweka alama. Mtoto wa dada, aliyeletwa kutoka kijijini ili asome, hakuwamo katika kitabu. Alikula bukari (ugali) ya wengine. Mama mkwe hakuwamo. Mke wa pili hakuwamo. Hakuna padri aliyehubiri ndoa ya mke mmoja kwa nguvu kama ule mstari wa unga.

Wasichana walifundishwa na watawa kushona, kupika na kuosha mtoto kwa saa maalumu, wavulana wakafundishwa kusoma michoro na kushika vyuma. Hivyo mgawanyo wa kazi ambao wazee wetu leo wanauita «mila yetu», kwamba baba huleta mshahara na mama hukaa nyumbani, kwa sehemu kubwa ni kanuni ya kambi. Bibi zetu kijijini walilima, walihifadhi mavuno na walikuwa na neno juu ya ghala.

Uhuru haukuigusa kanuni hiyo kwa miaka mingi. Union Minière ilipotwaliwa na serikali mwaka 1967, ikawa Gécomin na baadaye Gécamines, kitabu kilibaki, posho ilibaki, shule na hospitali zilibaki. Bosi alibadilika rangi, na hilo si jambo dogo, lakini baba alibaki yule yule aliyesemwa: kampuni ndiyo baba, kampuni ndiyo mama. Ukuta ulianguka baadaye. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, uzalishaji uliokuwa umepita tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980 ukaporomoka hadi chini ya tani 50,000 mwaka 1993, na kati ya mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Ni hapo, miaka 30 na zaidi baada ya bendera, ndipo wanawake wa makambi walipogeuka walishaji wa nyumba: makala (mkaa), unga wa rejareja, samaki wa Kasenga, kulima nje ya mji. Ukiniuliza ni lini jamii ya hapa ilibadilika kutoka ndani, nitakutajia miaka ya 1990 kabla ya kuutaja mwaka 1960.

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi)

Nawashukuru nyote. Mama Ruashi, maelezo ya kitabu cha posho nitayapeleka darasani kesho kutwa, kwa ruhusa yako. Mzee, ndugu wa Walungu ana haki kuhusu Kivu, na sitaki kufundisha Lubumbashi kama Kongo nzima. Lakini umesema kwamba siasa ilipofunguliwa watu walikuta vyama vya kikabila tu, kisha ukanyamaza. Hapo ndipo wanafunzi huuliza maswali makali, kwa kuwa baadhi yao majina yao ni ya Kasai. Tafadhali endelea.

Mzee wa Kamalondo (Lubumbashi)

Nilinyamaza kwa sababu jambo lenyewe bado lina moto, lakini tarehe zake zinajulikana. Mnamo Desemba 1957 Wabelgiji waliruhusu kwa mara ya kwanza uchaguzi wa manispaa katika miji mitatu: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Vyama vya siasa vya nchi nzima vilikuwa bado. Watu wakapiga kura kwa kufuata walichokuwa nacho, yaani vyama vya asili zao. Katika manispaa za Waafrika za Elisabethville, wengi wa mameya waliopatikana walikuwa na asili ya nje ya Katanga, hasa Kasai, na haikushangaza mtu aliyeijua kazi ya Bourse du Travail: kampuni ilikuwa imewaleta baba zao, ikawasomesha, ikawapa ukarani, na katika mji wa makarani karani ndiye anayechaguliwa.

Waliojiita wenyeji wakaona kwamba wamepitwa katika nchi yao. Mwishoni mwa mwaka 1958 ikaundwa Conakat, chama cha hao waliojiita wenyeji, iliyokuja kuongozwa na Moïse Tshombe, na walowezi wa Kizungu waliotaka Katanga ijitenge wakaiona kuwa mlango wao. Waluba wa kaskazini mwa Katanga walijitoa na kufuata Balubakat, chama cha Jason Sendwe. Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 baada ya uhuru, Tshombe akatangaza Katanga kuwa nchi, na Union Minière ikamlipa yeye kodi iliyopaswa kwenda Léopoldville. Bila kodi hiyo nchi hiyo isingefika Januari 1963. Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, aliuawa katika ardhi hii tarehe 17 Januari 1961.

Usiwaambie wanafunzi kwamba Wakasai na Wakatanga walichukiana tangu zamani. Waambie nani aliwaweka katika mistari tofauti na kwa faida ya nani, kisha uwaache wabishane. Wala usiwaambie kwamba chama cha wafanyakazi kingetuokoa kwa hakika. Kule ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini, Lawrence Katilungu, aliyeongoza chama cha wachimbaji, alikataa mara kadhaa kukifanya mkono wa chama cha siasa, na wanasiasa wakamchukia kwa hilo. Tofauti ni kwamba mchimbaji wa kule alipoingia katika mwaka wa uhuru alikuwa amekwisha kuzoea kukaa mkutanoni na mtu wa kabila jingine na kupigia kura jambo moja.

Kwa ndugu wa Walungu: pingamizi lako nimelipokea, ila jambo moja linatuunganisha. Mwaka 1967 serikali ilitwaa kampuni yetu, na uuzaji wa shaba pamoja na utaalamu ukabaki kwa mkataba mikononi mwa kampuni ya Kibelgiji ya kundi la Société Générale, kundi kubwa la fedha la Ubelgiji. Mwaka 1973 serikali ilitwaa mashamba yenu na kuwagawia wakubwa. Mwalimu akiwa na saa moja tu, aweke matukio hayo mawili ubaoni, la shaba na la ardhi, na awaulize wanafunzi ni nani, katika kila moja, ambaye hakuitwa mezani.